Mtoto ana mzio wa karanga, na ukweni wanatupeleka safari ya meli

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili. Mume wangu na ndugu zake wamechanga kuwapeleka wazazi wao safari ya meli ya kitalii ya siku saba, kuadhimisha miaka 40 ya ndoa yao. Ukoo mzima unakwenda na nusu ya malipo imeshatolewa. Kila mtu anafurahi isipokuwa mimi.

Mwanangu mkubwa ana miaka minane na ana mzio wa karanga na korosho. Si ule wa kujikuna tu. Alipokuwa na miaka minne alikula kipande cha keki kwenye sherehe. Midomo ikavimba, mwili ukatoka mabaka, akaanza kukohoa na kuvuta pumzi kwa shida. Hospitali walimchoma adrenalini na tukalala huko. Tangu siku hiyo tunatembea na kalamu mbili za adrenalini, zile sindano za dharura zilizojazwa dawa tayari, na namshukuru Mungu hatujazitumia. Nyumbani napika mwenyewe, shuleni anabeba chakula chake. Sasa nikiwaza siku saba katikati ya bahari, anapikiwa na watu nisiowajua, bufee asubuhi hadi usiku, usingizi unapaa.

Ukweni ndiko kunakoniumiza zaidi. Mama mkwe ananipenda, lakini anaamini namdekeza mtoto. Husema, "Sisi tumelea watoto saba, hayo mambo ya aleji hatukuyaona." Mwaka jana nilimkuta anataka kumpa biskuti ya karanga "kidogo tu, azoee". Wifi yangu naye ameacha ngano ili apunguze mwili, na tukienda kula nje humwambia mhudumu ana aleji, halafu keki ikifika anasahau. Kwa hiyo mimi nikitamka aleji watu wanatazamana. Baba mkwe ana presha, ameambiwa apunguze chumvi, lakini yeye hasemi kitu, anakula anachowekewa.

Mume wangu anasema nijaze fomu ya kampuni na niache kuwatia watu wasiwasi. Naogopa kuwa yule mkwe anayewasumbua wahudumu kila mlo na kuwaharibia wazee sherehe yao. Je, twende, au mimi na mtoto tubaki? Tukienda, nimwambie nani? Ninaruhusiwa kubeba chakula? Na mama mkwe nimfanyeje?

Mkwe Asiyelala

*

Marahaba mwanangu.

Umeuliza mengi, lakini mimi nimekwama pale unaposema unaogopa kuwa mkwe msumbufu. Bahari hainitishi kama hiyo haya yako. Najua inavyokuwa: siku ya kwanza mama anauliza kila kitu, siku ya pili anauliza nusu, siku ya nne wahudumu wameshakuwa marafiki, baba mkwe anasimulia hadithi nzuri mezani, sahani inatua mbele ya mtoto na mama anaona aibu kukatiza mazungumzo. Hapo ndipo ajali hutokea. Kwa hiyo kabla hujafunga hata begi moja, kubali kwamba utauliza kila mlo, mpaka kifungua kinywa cha siku ya kushuka. Jiko la meli kubwa hulisha maelfu ya watu kila siku, na abiria mwenye mzio si kioja kwao. Anayewapa shida ni yule anayenyamaza, halafu anaanza kulalamika chakula kikiwa kimeshaandaliwa.

Mumeo kuhusu fomu amesema kweli, ila ni nusu ya kweli. Fomu mjaze, tena wiki hii. Kampuni nyingi hutaka taarifa ya mlo maalumu wiki kadhaa kabla ya safari, na kwa baadhi ya mahitaji hutaka miezi, kwa sababu meli hupakia vyakula bandarini na ikishang'oa nanga hakuna duka la kukimbilia. Lakini fomu inakwenda ofisini, na sahani inaletwa na mtu. Melini hakuna jiko moja. Kuna ukumbi mkuu wa chakula, kuna bufee, kuna migahawa ya kulipia, kuna banda la kuchoma nyama kando ya bwawa, kuna wa kahawa na keki, kuna wanaoleta chakula chumbani, kuna vitafunio vya klabu ya watoto. Usidhani ulichomwambia mmoja kimewafikia wote.

Pamoja na fomu, waandikie barua pepe na udai jibu la maandishi. Usiandike kwamba mtoto "hapendelei" wala "hali" karanga. Andika hivi: "Mtoto wetu wa miaka minane ana mzio wa karanga na korosho unaoweza kumuua. Amewahi kulazwa na kuchomwa adrenalini. Tunaomba kujua: melini ni nani atakayesimamia chakula chake? Chakula hicho kitaandaliwa kwa vyombo na mafuta ya pekee? Zahanati ya meli ina adrenalini ya akiba? Wafanyakazi wa klabu ya watoto wanaruhusiwa kumdunga kalamu yake? Tunaruhusiwa kuingia na vyakula gani?" Jibu likija, lichapishe utembee nalo.

Wakati wa kuchagua utaratibu wa chakula cha jioni, meli nyingi hutoa njia mbili: kula saa yoyote unayotaka, au kuwa na saa na meza ileile kila siku. Chukueni meza ileile. Faida yake ni kwamba mnahudumiwa na watu walewale, na ifikapo jioni ya pili wanamjua mtoto kwa sura. Siku ya kupanda, kabla ya chakula cha jioni, nenda na mumeo ukumbi mkuu mkamwone mkuu wa wahudumu. Mwonyesheni mtoto. Huyu ndiye wa kuulizia kwa jina siku zote. Kwa kawaida atawaletea menyu ya kesho jioni ya leo, mchague mapema, na mpishi aandae cha mtoto pembeni. Mwombeni na baba mkwe aingizwe kwenye utaratibu huohuo: supu na michuzi hutengenezwa kwa wingi ikiwa na chumvi tayari, kwa hiyo cha chumvi kidogo kinahitaji kuagizwa mapema. Yeye akinyamaza, mumeo amsemee.

Katika kuchagua, chakula cha wazi ndicho salama: nyama au samaki wa kuchomwa bila mchuzi, viazi vya kuchemsha, wali mweupe, mboga. Michuzi mizito ndiyo inayoficha, maana kuna inayokolezwa kwa karanga au korosho iliyosagwa. Nikuonye na jambo ambalo wengi hawalijui. Siku hizi vyakula visivyo na maziwa, ile jibini na krimu ya wasiokula vitu vya wanyama, mara nyingi hutengenezwa kwa korosho. Mhudumu mwema anaweza kusikia "mlo maalumu" akamletea mwanao sahani ya mlo maalumu wa mtu mwingine, na humo ndimo korosho ilimo. Uliza pia habari ya pistashio, zile kokwa za kijani zinazonyunyizwa juu ya keki na aiskrimu, kwa sababu mwenye mzio wa korosho mara nyingi hudhurika na hizo pia. Kitamutamu ndiko kwenye hatari kubwa: makombo, mapambo ya juu, na kijiko kimoja cha kuchotea aiskrimu kinachopita kila ndoo. Mtoto apewe aiskrimu ya kopo lililofungwa kiwandani, usome maandishi yake, au apewe tunda zima.

Sahani ikitua, uliza kabla hajashika uma: "Hii ndiyo ya mtoto mwenye mzio?" Wakikosea, usikubali waondoe karanga juu halafu wairudishe ileile. Iletwe nyingine.

Bufee kwa mwanao ni marufuku, hata kama vibao vimeandikwa vizuri. Kibao kinasema kweli juu ya kile mpishi alichoweka. Hakijui kwamba abiria ametumia kijiko cha saladi ya karanga kuchotea tambi. Na tatizo la kwanza litawakuta saa chache tu baada ya kupanda, kwa sababu siku ya kuingia chakula cha mchana huwa zaidi ni bufee, tena mabegi makubwa mnakuwa mmeyakabidhi bandarini na huletwa mlangoni alasiri au jioni. Kwa hiyo dawa zake zote na chakula chake cha mchana viwe kwenye begi la mkononi. Ukikwama, mwombe mpishi wa bufee amtolee chakula kutoka jikoni nyuma, kisichowekwa mbele ya watu. Hilo hufanyika.

Mlangoni pa bufee mtakuta sanitaiza na mtu anayewahimiza mpake. Sanitaiza ya spiriti haiondoi karanga mikononi, inaisambaza tu. Sabuni na maji ndivyo vinavyoiondoa, na vitambaa vya kufutia vyenye unyevu pia husaidia. Mtoto aoshe mikono kabla ya kula, na meza yake mfute wenyewe. Hata kile kirusi cha kuhara na kutapika kinachosumbua meli, norovirus, hakiogopi sana spiriti, kwa hiyo ukoo mzima uoshe mikono na hakuna atakayesema ni mambo ya mkwe.

Sasa kalamu. Zote mbili ziende aendako mtoto, pamoja, kwenye mkoba wa kiunoni. Zisifungiwe kwenye sefu ya chumbani wakati mtoto yuko bwawani. Zisiwekwe kwenye friji wala kuachwa juani kwenye kiti cha ufukweni. Joto la kawaida la chumba ndilo linalozifaa. Kabla ya safari angalia tarehe ya kuisha muda, na dirishani mwa kalamu dawa iwe angavu, isiwe ya kahawia wala na ukungu. Mrudishe mtoto kwa daktari apimwe uzito: kuna kalamu za miligramu 0.15 za watoto wadogo na za 0.3 za wakubwa, na mtoto wa miaka minane yuko palepale kwenye mpaka. Ikiwa ana pumu, daktari ahakikishe imedhibitiwa, maana pumu isiyotulia huufanya mzio uwe mbaya zaidi. Chukua pia barua ya daktari ya kuonyesha kwenye ukaguzi, kueleza sindano ni za nini.

Likitokea la kutokea, usianze na dawa ya aleji ya kumeza ukisubiri uone. Dawa hiyo hutuliza mwasho. Haifungui koo wala hairudishi presha iliyoshuka. Mtoto akianza kupumua kwa shida, sauti ikabadilika, akatapika huku mwili umetoka mabaka, au akalegea, mdunge adrenalini upande wa nje wa paja, hata juu ya suruali. Mlaze, miguu iwe juu kidogo. Akihangaika kupumua, mwache akae, lakini asisimame wala kutembea. Na hapa ndipo watu wengi melini wangekosea: wangembeba mtoto mbiombio kushuka ngazi hadi zahanati, ambayo mara nyingi iko ghorofa za chini. Usimtembeze. Mmoja abaki naye, mwingine apige namba ya dharura iliyo kwenye simu ya chumbani au amwite mfanyakazi yeyote, na timu ya daktari itawafuata mlipo. Dakika tano zikipita bila nafuu, mdunge ya pili. Na hata akichangamka na kuomba katuni, lazima aangaliwe na daktari kwa saa kadhaa, kwa sababu dalili zinaweza kurudi.

Daktari yupo. Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006 unataka meli yenye watu 100 au zaidi, inayofanya safari za kimataifa za zaidi ya siku tatu, iwe na daktari. Ila matibabu ya melini hulipiwa, na bili yake hushtusha. Helikopta ya kumtoa mgonjwa baharini ndiyo usiseme, na kama meli iko mbali sana na nchi kavu haifiki. Nunueni bima ya safari inayotaja waziwazi kuhamisha mgonjwa, na mzio wa mtoto muuandike kwenye fomu ya bima. Wakija kugundua mlificha ugonjwa aliokuwa nao tangu mwanzo, hawatalipa.

Chakula cha kubeba: kampuni nyingi huruhusu vilivyofungwa kiwandani na visivyohitaji baridi, kama biskuti, nafaka za asubuhi na juisi za boksi. Ulivyopika nyumbani huzuiwa na nyingi. Usitegemee jikoni wakupashie moto, na kile kifriji cha chumbani mara nyingi hupoza soda tu. Mkishuka bandarini msishuke na matunda, nyama wala maziwa ya melini. Nchi nyingi zinakataza, na Australia na New Zealand wana ukaguzi mkali kweli.

Na mkishuka, ulinzi wa jiko la meli umebaki nyuma. Mwongoza watalii hajaiona fomu yenu. Andaa kadi ndogo kwa lugha ya kila nchi mtakayotua, ikisema karanga na korosho zinaweza kumuua mtoto huyu. Sheria nazo hazifanani. Katika Umoja wa Ulaya, tangu Desemba 2014, hata chakula cha mgahawani lazima mlaji aweze kupata taarifa kama kina chochote kati ya vizio 14 (vitu viletavyo mzio) vilivyoorodheshwa, na karanga na korosho vimo. Kuna kwingine ambako hamna wajibu huo. Maneno "huenda ikawa na chembe za karanga" kwenye pakiti nayo ni hiari ya kiwanda huko Ulaya na Marekani pia, kwa hiyo kutoyaona si ushahidi kwamba hazimo. Kama bandari imekutia mashaka, kuleni kabla ya kushuka, mtembee, mrudi.

Wifi yako mwite pembeni kabla ya safari, kwa upole. Mwombe melini aseme anaepuka ngano, basi. Wahudumu wenu ni walewale siku saba. Wakimwona "mwenye aleji" anakula keki siku ya tatu, watamsikiliza mwanao kwa sikio moja. Na kama anahisi kweli ngano inamdhuru, akapimwe siliaki, ugonjwa wa utumbo unaochochewa na ngano, kabla hajaendelea kuiacha, kwa sababu kipimo kinataka mtu awe bado anaila.

Mama mkwe si wa kwako kumkabili, ni mama wa mumeo. Mumeo ndiye azungumze naye, nyumbani kwake, wewe ukiwepo ila si msemaji, akiwa na karatasi ya hospitali ya ile siku ya keki. Asimwambie amekosea kulea. Amwambie huyu mjukuu amezaliwa hivi. Kuhusu "azoee", amweleze kwamba yapo matibabu ya kumzoesha mtoto kizio kidogokidogo, lakini hufanywa na madaktari wa mzio, kwa vipimo vya kuanzia chembe ndogo mno na dawa ikiwa mkononi. Biskuti nzima kutoka mfukoni mwa bibi si matibabu. Kisha mpeni kazi. Ziko kalamu za mazoezi zisizo na sindano wala dawa. Muulize daktari au mfamasia akupatie. Mfundisheni bibi kuidunga pajani, mbele ya mjukuu, na mtoto mwenyewe afundishwe kusema "siruhusiwi mpaka mama aone". Bibi aliyejifunza kumwokoa mjukuu, mara nyingi ndiye atakayewafokea wengine.

Sasa, twende au tubaki? Nendeni, ikiwa kampuni itajibu kwa maandishi na majibu yaeleweke. Wakisema klabu ya watoto hawawezi kudunga, bado nendeni, ila mtoto asiachwe huko bila mmoja wenu. Lakini wakikujibu "tutajitahidi" bila kutaja nani wala namna gani, msimalizie malipo ya kwenu. Tafuta leo kwenye mkataba tarehe ya mwisho ya kughairi bila kukatwa fedha, udai barua pepe yako ijibiwe wiki mbili kabla ya hapo, na mumeo ajue tangu sasa kwamba tarehe hiyo ikifika bila jibu, yeye atakwenda na wazazi wake, na ninyi wawili mtawapokea wakirudi.

Shangazi